Darubini Isiyotakiwa Kutikisika: Namna Kepler Ilivyoendeshwa Tangu 2009 Hadi 2018

Waheshimiwa walimu, wanafunzi wa fizikia na uhandisi, pamoja na wageni wetu mliotenga alasiri hii kuja kusikiliza habari za nyota, nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie sayari zinazozunguka nyota nyingine mbali na Jua letu, na kwa ruhusa yenu nitaliendea jambo hilo kwa njia isiyozoeleka sana. Sayari zenyewe zimekwisha kuandikwa mno. Michoro yake ya rangi imejaa mitandaoni, na haupiti mwaka bila kutangaziwa kwamba imepatikana "Dunia nyingine". Lisilosemwa sana ni namna chombo kinachozitafuta kinavyoendeshwa siku hadi siku: nani hukiamuru kigeuke, data hufikaje ardhini, kifaa kikiharibika hufanyika nini, na mafuta yakikaribia kwisha huamuliwa nini. Nitatumia mfano mmoja tu, nao ni darubini ya Kepler ya NASA, shirika la anga la Marekani. Ninachotaka kuwaonyesha ni kwamba karibu kila uamuzi uliofanywa juu ya darubini hiyo, tangu kuchaguliwa kwa njia yake hadi namna ilivyookolewa ilipovunjika, ulitokana na hitaji moja: chombo kitulie.

Tuanze na kipimo chenyewe. Sayari inapopita kati yetu na nyota yake huziba sehemu ndogo ya mwanga wa nyota hiyo, na tukio hilo wanafalaki huliita mpito. Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Falaki uliyaalika mataifa yachague majina ya nyota na sayari, na Tanzania ikaipa nyota ya WASP-71 jina la Mpingo na sayari yake jina la Tanzanite. Sayari hiyo ni jitu la gesi, kubwa kuliko Mshtarii, nayo humaliza mzunguko wake kwa muda wa siku tatu hivi, kwa hiyo iliwezekana kuigundua kwa kamera zilizo hapa ardhini. Mambo huwa magumu tunapotafuta sayari ya ukubwa wa Dunia. Mtu aliye mbali akiitazama Dunia yetu ikipita mbele ya Jua, ataona mwanga wa Jua umepungua kwa sehemu 84 tu kati ya milioni moja, kwa muda usiozidi saa 13 hivi, kisha atalazimika kungoja mwaka mzima ili alione tukio hilo tena. Hewa tunayoivuta huutikisa mwanga wa nyota kupita kiasi hicho, na usiku wa ardhini hukatizwa na mchana na mawingu. Isitoshe, uwezekano wa sayari kama yetu kuwa imejipanga sawasawa na upande wetu ni takribani nusu ya asilimia moja. Kwa hiyo mtafutaji hana budi kuzitazama nyota nyingi sana kwa pamoja, kwa miaka kadhaa, bila kupepesa macho, na kutoka nje ya hewa ya Dunia.

Mtu aliyeshikilia wazo hilo hadi likatimia ni William Borucki wa kituo cha NASA cha Ames, huko California. Pendekezo lake lilikataliwa mara nne katika miaka ya 1990. Moja ya mashaka ya wakaguzi lilikuwa la haki: je, kamera za kielektroniki zinaweza kweli kupima badiliko dogo namna hiyo wakati chombo chenyewe kinatetemeka? Borucki na wenzake hawakujibu kwa maneno. Walitengeneza maabarani mfano wa anga lenye nyota bandia, wakaitikisa kamera kwa makusudi kama itakavyotikiswa angani, na wakaonyesha kwamba kipimo kinapatikana. Mradi ulikubaliwa Desemba 2001, na usiku wa tarehe 6 Machi 2009, kwa saa za Florida, roketi ya Delta II iliirusha Kepler kutoka Cape Canaveral.

Darubini haikuwekwa kuizunguka Dunia. Chombo kinachozunguka karibu na Dunia huingia kivulini na kutoka juani mara nyingi kwa siku, hivyo hupata joto na baridi kwa zamu, na kila badiliko la joto hukunja kidogo chuma na vioo. Tena Dunia yenyewe huziba sehemu kubwa ya anga. Kepler ilipelekwa kulizunguka Jua, nyuma ya Dunia, katika njia inayokamilika kwa siku 372.5, na kwa kuwa mwaka wake ulizidi wetu kwa siku chache, chombo kilizidi kuachwa nyuma mwaka hadi mwaka. Utulivu ulipatikana, lakini kwa gharama. Wanaanga waliwahi kuifikia darubini ya Hubble na kuitengeneza kwa mikono yao. Kepler ikiharibika, fundi asingefika. Vilevile, kadiri umbali ulivyoongezeka ndivyo mawasiliano yalivyozidi kuwa ya taratibu.

Kioo chake kikuu kilikuwa na upana wa mita 1.4, na mwanga uliingia kwa tundu la mita 0.95. Mwishoni mwa safari ya mwanga huo palikuwa na vihisio 42 vyenye jumla ya pikseli zipatazo milioni 95, vikitazama eneo moja tu la anga, kati ya kundinyota la Dajaja na lile la Kinubi. Eneo hilo lilichaguliwa kwa sababu lina nyota nyingi na liko mbali na njia ya Jua, hivyo halifichwi msimu wowote. Hapa naomba tukae kidogo, kwa maana ndipo shina la habari yote lilipo. Mwanga wa nyota moja ulisambaa juu ya pikseli kadhaa, na hakuna pikseli mbili zinazohisi mwanga kwa usawa kamili. Chombo kikisogea hata kwa sehemu ndogo ya pikseli moja, mwanga uleule huangukia pikseli tofauti, na kompyuta huandika kwamba nyota imefifia ilhali haikufifia. Mtikisiko, basi, hautofautiani kirahisi na sayari. Hata vipasha joto vidogo vilivyokinga dhidi ya baridi magurudumu ya ndani yanayokigeuza chombo, ambayo nitayaeleza baadaye, kila vilipowaka na kuzima, viliacha alama yake ndani ya vipimo.

Kazi ya kukiongoza chombo ilifanyika katika maabara ya fizikia ya anga ya Chuo Kikuu cha Colorado mjini Boulder, ijulikanayo kwa kifupi kama LASP, ikishirikiana na kampuni ya Ball Aerospace iliyokiunda. Jambo linalonifurahisha kila nikilitaja mbele ya wanafunzi ni kwamba baadhi ya waliokaa mbele ya kompyuta hizo, wakituma amri kwa chombo kilicho mamilioni ya kilomita, walikuwa wanafunzi wa shahada ya kwanza waliofundishwa na kutahiniwa kwa ajili hiyo. Mara mbili kwa wiki waliwasiliana na chombo kupitia antena kubwa za NASA zilizoko California, Hispania na Australia, wakikagua joto, umeme na afya ya kila kifaa. Data zenyewe za nyota zilishushwa mara moja kwa mwezi tu.

Kwa nini mara moja tu? Antena iliyobeba data nyingi ilikuwa imefungwa kwenye mwili wa chombo na haikuweza kugeuka peke yake. Wabunifu walikwepa kuweka kiungo kinachosogea, kwa sababu kila kinachosogea hutikisa. Ili kutuma data ilibidi chombo kizima kigeuke kuielekea Dunia, utazamaji usimame kwa takribani siku moja, kisha kirudi pale pale kilipokuwa. Hata kikisharudi, joto lilikuwa limekwishabadilika katika pande zake, na ilichukua muda kabla vioo havijatulia. Aidha, kila baada ya miezi mitatu chombo kilizungushwa nyuzi 90 ili paneli zake ziendelee kulikabili Jua, na nyota zote zikahamia vihisio vingine.

Umbali ulilazimisha uchaguzi mwingine ambao mimi huuona mgumu kuliko yote. Haikuwezekana kushusha picha nzima. Kamera ilikusanya mwanga, kompyuta ya chombo ikajumlisha picha za sekunde chache chache kuwa kipimo kimoja cha nusu saa, halafu ikahifadhi pikseli zilizoizunguka kila nyota iliyochaguliwa mapema, ambazo ni asilimia tano au sita tu ya pikseli zote. Zilizobaki zilifutwa. Takribani nyota 150,000 zilipata nafasi, nyingi zikiwa zinafanana na Jua. Nyota ambayo haikuwamo katika orodha, hata kama sayari ilipita mbele yake siku hiyo, habari yake ilipotea. Watu hudhani ugunduzi huanza mtaalamu anapoitazama data, kumbe sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kuamuliwa na aliyepanga orodha.

Utazamaji rasmi ulianza Mei 2009, na sayari tano za kwanza zilitangazwa Januari 2010. Mwezi huohuo mapema kulitokea hitilafu ya kwanza kubwa, pale moduli moja ya kamera, yenye vihisio viwili, ilipokufa. Kwa kuwa chombo kiligeuzwa kila miezi mitatu, moduli iliyokufa haikuziba sehemu moja ya anga daima. Ilihama pamoja na kamera, na hasara ikagawanywa baina ya maeneo manne, kila moja likikosa robo moja ya mwaka. Zamu ile iliyowekwa kwa ajili ya umeme ikawa imepunguza makali ya msiba.

Sasa nifike kwenye magurudumu, maana hapo ndipo mradi uliponusurika kufa. Chombo kilicho angani hakina pa kujishikiza. Ili kigeuke, hulizungusha gurudumu zito lililo ndani yake upande mmoja, nacho kikageuka upande wa pili. Kepler ilikuwa na magurudumu manne ya namna hiyo, na ilihitaji matatu ili kushika shabaha katika pande zote tatu. Mwanga wa Jua husukuma kila kitu unachokiangukia, kwa nguvu ndogo mno lakini isiyokoma, na magurudumu yalikuwa yakiongeza mwendo taratibu ili kuupinga msukumo huo, hadi kila baada ya siku chache injini ndogo za chombo zilipowashwa ili yapunguze kasi.

Katikati ya Julai 2012 gurudumu namba mbili lilisimama. Wakati huo mradi ulikuwa umetoka tu kuongezewa muda, kwa sababu nyota zilizotazamwa zilionekana kuwa na msukosuko zaidi ya ilivyotarajiwa, na miaka mitatu na nusu iliyopangwa mwanzo haikutosha kuzithibitisha sayari ndogo. Msuguano ulipoongezeka katika gurudumu namba nne, waendeshaji waliyapumzisha magurudumu kwa siku kumi mwezi Januari 2013, wakitumaini kwamba mafuta ya kulainishia yatajisambaza upya. Haikusaidia kwa muda mrefu. Katika mawasiliano ya kawaida ya mwezi Mei walikikuta chombo katika hali ya kujihami, kikizunguka polepole, huku mawimbi ya redio yakija na kupotea kadiri antena ilivyopita mbele ya Dunia. Gurudumu la nne halikuweza tena kutumika. Walichokifanya kwanza ndicho ambacho mwendeshaji yeyote mwenye busara angekifanya: walikiweka chombo katika hali ya kupumzika isiyotumia mafuta mengi, kisha ndipo wakaanza kufikiri. Majaribio ya Julai na Agosti yalionyesha kwamba magurudumu mabovu yanazunguka bado, ila kwa msuguano mkubwa mno, na katikati ya Agosti 2013 NASA ilitangaza kwamba juhudi za kuyafufua zimekoma.

Kilichofuata, kwa maoni yangu, ni kazi nzuri ya uhandisi kuliko hata urushaji wenyewe. Wahandisi wa Ball Aerospace walijiuliza kama mwanga wa Jua, uliokuwa ukisukuma chombo siku zote kama adui, unaweza kukishikilia. Umbo la Kepler lina pande mbili za paneli zinazokutana kwenye mgongo. Chombo kikielekezwa hivi kwamba mwanga unaangukia pande hizo mbili kwa usawa, misukumo miwili inalingana na chombo hakiviringiki. Ni kazi ya nahodha anayeielekeza omo ya ngalawa sawasawa kwenye wimbi ili lisiipige ubavuni. Magurudumu mawili yaliyobaki yalishika pande mbili, Jua likashika wa tatu. Usawa huo haukuwa imara, kwa maana chombo kikipotoka kidogo huzidi kupotoka, kwa hiyo injini ndogo ziliwashwa kila baada ya saa sita hivi ili kukirudisha. Mpango huu mpya ulipewa jina la K2, na baada ya majaribio ukaanza rasmi mwishoni mwa Mei 2014.

Masharti ya K2 yalikuwa magumu. Msukumo ungeweza kusawazishwa tu iwapo darubini ingetazama kando ya njia ya Jua, yaani kwenye mkanda wa buruji kumi na mbili ambazo watu wa falaki wa pwani yetu wamezihesabu tangu zamani. Na kila eneo lingetazamwa kwa siku 80 hivi, kisha chombo kigeuzwe kabla mwanga wa Jua haujaingia ndani ya darubini. Kutafuta sayari yenye mwaka mrefu kama wetu hakukuwezekana tena. Badala yake, kila baada ya miezi mitatu lilifunguliwa eneo jipya, na wanafalaki wa dunia nzima wakaalikwa kupendekeza nyota za kutazamwa.

Mapema mwaka 2015 zamu hiyo ilifika kwenye Kilimia. Wakulima wetu wameitazama Kilimia kwa vizazi ili kujua majira, na bado wazee husema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kwa Kepler nyota hizo saba zilikuwa na tatizo kinyume cha yale niliyokwisha kuyataja, nalo ni mwanga kupita kiasi, kwa kuwa kamera iliyoundwa kwa nyota hafifu ilifurika. Watafiti waliziacha pikseli zilizofurika wakapima utando wa mwanga uliotawanyika kuzizunguka, na kwa njia hiyo wakaona kwamba nyota ya Maia ina doa kubwa la kemikali linaloonekana na kupotea nyota inapojizungusha kila siku kumi. Mwisho wa 2016 na mwanzo wa 2017 ikawa zamu ya TRAPPIST-1, nyota ndogo nyekundu yenye sayari saba, na vipimo vya K2 vikathibitisha kwamba sayari ya saba, iliyokuwa imeonekana kupita mara moja tu, humaliza mzunguko wake kwa takribani siku 18.8.

Katikati ya mafanikio hayo, Aprili 2016, chombo kilikutwa katika hali ya dharura, ambayo hutumia mafuta mengi kuliko hali nyingine yoyote. Kilikuwa umbali wa kilomita milioni 120, na ishara ya redio ilichukua dakika 13 kwenda na kurudi. Fikirini maana yake kazini: unatuma amri moja, unakaa, unangoja, na mafuta yanaendelea kuungua wakati hujui kama umesikika. Baada ya siku chache kilitulizwa, antena ikaelekezwa Duniani, na kazi ikaendelea.

Mafuta hayakuwa na kipimo cha kuonyesha yamebaki kiasi gani. Waendeshaji walikisia kwa kuangalia shinikizo la tangi. Shinikizo liliposhuka mwanzoni mwa Julai 2018, walisimamisha utazamaji na kukilaza chombo, ili mafuta yaliyobaki yatumike kwanza kukigeuza kuielekea Dunia na kushusha data zilizokwisha kukusanywa. Kulikuwa na kishawishi cha kuongeza siku za kutazama, lakini data zisizofika ardhini hazimfai mtu, na uamuzi wao naamini ulikuwa sahihi. Data zilipofika salama walikiamsha kwa eneo moja la mwisho. Tarehe 30 Oktoba NASA ilitangaza kwamba mafuta yamekwisha, na tarehe 15 Novemba 2018, siku aliyofariki Johannes Kepler mwaka 1630, LASP ilituma amri za kuzima mitambo ya kurushia mawimbi na ile mifumo ya kujihami ambayo ingeiwasha tena. Katika miaka tisa na nusu darubini hiyo ilikuwa imetazama zaidi ya nyota nusu milioni, na sayari zaidi ya 2,600 zilikuwa zimethibitishwa kutokana nayo. TESS, mrithi wake, ilikuwa imekwisha kuanza kazi tangu Julai mwaka huohuo.

Nimalizie kwa wanafunzi walioniuliza kabla ya kikao kama kuna nafasi ya kufanya jambo bila darubini. Data zote za Kepler na K2 zimehifadhiwa mjini Baltimore katika hazina ya taasisi inayosimamia darubini za anga, na yeyote mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuzipakua bure. Watu wa kujitolea, wasiokuwa wanafalaki, walipitia vipimo hivyo na mwaka 2012 ikatangazwa sayari waliyoigundua katika mfumo wenye nyota nne. Mwaka 2021 programu ya kompyuta iliyotengenezwa Ames ilithibitisha kutoka katika data hizohizo sayari nyingine 301. Mtakapoanza, tafuteni mipito isiyopungua mitatu yenye kina kilekile na nafasi sawa kati yake, na mjihadhari na jozi za nyota zinazozibana, maana hizo huwahadaa hata wazoefu. Na mkifungua data ghafi za K2 mkaona mwanga unapanda na kushuka kila baada ya saa sita, kwa nyota hii na ya jirani na ya tatu yake, msishangilie: hizo ni injini ndogo zikikirudisha chombo mahali pake.

Nawashukuru kwa usikivu wenu, na sasa nakaribisha maswali.